Mihogo ya Kumpa Bibi Harusi Moto

Sogea karibu kidogo unisikilize, maana jambo hili linaanzia puani. Kama siku moja utapita Makere, au popote katika nyanda hizi za Kasulu, ukasikia nyuma ya jiko la mtu harufu kali, nusu siki na nusu soksi za mwanafunzi wa bweni, usizibe pua wala usimwonee huruma mwenye nyumba. Hakuna kilichokufa. Ni mihogo imelowekwa, na mwenye nyumba huyo pengine ana furaha kuliko wewe.

Nitakueleza taratibu. Nafundisha shule ya msingi mjini Kasulu, na nimekwisha kuzoea kwamba jambo likielezwa mara moja huwa bado halijaelezwa. Mihogo yetu ya zamani ni michungu, na ukiitafuna mibichi itakudhuru. Kwa hiyo tunaimenya, tunaitumbukiza majini, tunaiacha siku kadhaa mpaka ilainike na uchungu utoke. Maji huchachuka, mapovu hupanda, inzi huja kutazama. Kisha tunaitoa, tunaibomoa kwa mikono, tunaianika juu ya jabali, na ikikauka tunaisaga. Unga wake ni mweupe kama chaki. Ugali wake unavutika na kuteleza, na ukiuchovya kwenye maharage ya mawese huna haja ya kuutafuna. Wageni husema ugali huo unanata. Sisi tunasema unashika.

Mama yangu ana mbegu mpya za mihogo kama kila mtu, zile zinazokomaa upesi. Lakini kando ya shamba ana mstari mmoja wa mbegu ya zamani, ulioachwa na bibi, mama yake baba. Mstari huo hakuna anayeugusa ila kwa jambo kubwa. Jambo kubwa la mwaka ninaousimulia lilikuwa mke wa kaka yangu.

Hapa tena itabidi nieleze. Katika ukoo wetu bibi harusi hapewi moto siku ya harusi. Anapewa nyumba, kitanda, sufuria na nasaha nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, lakini mafiga matatu ya jiko lake yanabaki baridi. Kwa muda huo anapika kwenye moto wa mama mkwe, kwa chumvi ya mama mkwe, mbele ya macho ya mama mkwe. Halafu huchaguliwa siku. Mama mkwe humpa unga uliotoka kwenye mihogo ya ukoo, bibi harusi husonga ugali watu wakimwona, na mama mkwe huonja kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee wa ukoo huuliza unga umetoka shamba gani. Akijibiwa vizuri, mama mkwe huleta kaa la moto kutoka jikoni kwake na kuliweka katikati ya yale mafiga. Kuanzia hapo mwanamke huyo ni mwenye nyumba. Anamkaribisha amtakaye, na chumvi anaweka anavyopenda.

Wifi yangu huyo ni muuguzi. Kwao ni Njombe, akapangiwa kazi Kibondo, na huko ndiko alikokutana na kaka yangu aliyekwenda kufunga umeme wa jua. Nyumba yao waliijenga hapa nyumbani Makere, hatua chache kutoka kwa mama, na walikuwa wakija kila alipopata mapumziko. Kila alipokuja alipika kwa mama. Mama hakuwahi kumsema vibaya. Alikuwa anafunua tu chungu, anatazama, anaongeza chumvi, anafunika, anaondoka.

Siku moja tukiwa kisimani wifi aliniambia, "Nachoma sindano watu wazima wakalia, lakini bado sijaruhusiwa kuweka chumvi kwenye maharage."

Nikajua kwamba moto ule anautaka kuliko anavyoonyesha.

Mama naye aliona muda umefika. Wifi alikuwa amechukua likizo, na mama akachagua Jumamosi ya mwisho ya likizo hiyo. Akachimba karibu mstari wote wa bibi, akaacha vijishina vichache vya mbegu. Akamenya, akaloweka kwenye pipa la bluu nyuma ya jiko, akalifunika kwa majani ya mgomba. Siku mbili baadaye simu ikatoka Kibondo: dada yake mkubwa ameanguka, mguu umevimba, hana wa kumchotea maji. Mama akafunga khanga mbili kwenye mfuko akaenda, akiahidi kurudi Ijumaa na asali ya sherehe. Mimi nilikuwa likizo pia, hivyo kutoa mihogo na kuianika kuliachwa kwangu. Mama hakumwambia wifi kitu. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mzima duniani asiyejua kuwa pipa linalonuka ni chakula.

Siku iliyofuata nilikwenda mjini Kasulu kununua samaki wa migebuka wa kukausha na mawese. Niliporudi alasiri nilikuta pipa la bluu limepinduliwa juani, linang'aa kama siku lilipotoka dukani. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imekunjamana kwa maji, uso umejaa ile furaha ya mtu aliyetenda wema bila kuombwa.

Alinieleza mwenyewe, hatua kwa hatua, kama anavyoeleza wagonjwa. Kulikuwa na mihogo imesahauliwa pipani ikaoza. Kwao Njombe, chakula ni viazi, na kiazi kikilala majini kikaanza kunuka hutupwa mbali haraka. Kwa hiyo alivaa glavu, akaibeba yote ndoo kwa ndoo, akaitupa chooni watoto wa jirani wasije wakaiokota. Halafu akalisugua pipa kwa sabuni na maji ya moto, mara mbili.

Niliketi chini palepale, juu ya vumbi. Nikamweleza ile mihogo ilikuwa nini, ya nani, na ya siku gani.

Hakulia. Alitazama pipa, kisha akauliza kiuguzi kabisa kuloweka mingine kunachukua siku ngapi na kukauka siku ngapi. Nikamwambia. Akatazama mawingu. Nikamwambia pia kwamba hata jua likituhurumia, mihogo yenyewe ya bibi haipo tena. Vilivyobaki ardhini ni vidogo kama vidole. Na mbegu ile hukaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kukomaa.

"Kwa hiyo nitapika kwa mama mwaka mwingine mzima," akasema.

"Labda na nusu," nikamwambia, maana mwalimu hawezi kuacha jibu likiwa na upungufu.

Tungeweza kutumia unga wa mbegu mpya. Lakini swali lingeulizwa, na mama angejibu mbele ya watu kwamba ni mihogo ya bibi, na hapo tungekuwa tumemtia uongo mdomoni bila yeye kujua. Wifi alikataa hilo kabla sijamaliza kulisema. Ikabaki njia moja, na mimi nilikuwa nimeikalia muda wote nikitumaini itaondoka.

Njia hiyo ilikuwa shangazi.

Shangazi ni dada yake baba, ameolewa Nyakitonto. Siku alipoolewa, bibi alimkatia mashina ya mbegu ileile, akaenda nayo, akayapanda kwa mumewe. Tangu hapo kuna mashamba mawili ya mihogo ya bibi duniani, na vita moja. Shangazi husema yeye ndiye binti, kwa hiyo mkono wa bibi uko kwake. Mama husema bibi alimfundisha yeye kuloweka, kwa sababu binti alikuwa kila siku anacheza rede. Kwenye msiba, kwenye ubatizo, popote wanapokutana, lazima mmoja ausifie unga wake na mwingine akohoe. Mama aliwahi kusema mbele ya watu kwamba unga wa shangazi unafaa kusiliba ukuta. Shangazi hajasahau. Hata ukuta haujasahau.

Asubuhi tulipanda bodaboda, mimi na wifi na gunia tupu nililolikunja dogo kadiri nilivyoweza. Tulimkuta shangazi anageuza mihogo juu ya jabali lake, mingi, myeupe, mikavu, inaita. Jogoo wake asiye na mkia alikuwa anatembea katikati yake kama mwenyekiti wa kijiji anayekagua mradi. Mbwa alimnyang'anya mkia zamani lakini majivuno akamwachia.

"Mwakeye," nikamwamkia kwa heshima zote.

Alitukaribisha, akatupa viazi vitamu na chai, akauliza habari za kila mtu mpaka za watu waliokufa. Nami nikazunguka. Nikasema tumekuja kumjulia hali. Nikasema wifi alitaka kuona Nyakitonto. Nikasema mihogo yake mwaka huu imetoka vizuri, na hapo nikakosea, maana katika nyumba yetu hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu, "mama yako kafanya nini na mihogo yake?"

Kabla sijatunga kitu, wifi alipiga magoti akasema mwenyewe. Hakupunguza neno. Alisema kuhusu glavu, ndoo, choo na sabuni. Alisema Jumamosi inakuja, na kwamba hana pengine pa kwenda.

Shangazi alimsikiliza uso umekaza. Midomo yake ikaanza kutetemeka. Akageuka upande wa migomba, mabega yakatikisika, na kwa muda mrefu tuliona mgongo tu. Alipogeuka tena alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga, na yalikuwa machozi ya kicheko.

"Chooni," akasema. "Mihogo ya wifi yangu."

Akasema tutachukua tunachohitaji, lakini kwa sharti. Mama asiambiwe mpaka sherehe iishe, na siku hiyo yeye shangazi akae ubavuni pa mama, mkeka mmoja, sahani moja.

"Kaniambia unga wangu ni wa kusiliba ukuta," akasema. "Nataka aule mbele ya watu, ausifu kwa mdomo wake, nami nimsikie kwa masikio yangu. Basi. Sitaki kingine."

Wakati tunajaza gunia simu yangu ikaita. Mama, kutoka Kibondo. Aliuliza mihogo imeendaje. Nikasema imelainika, tumeitoa, inaanikwa. Hakuna neno hapo lililokuwa la uongo, ila sikusema ni ya nani. Akasema nimpigie picha aone. Nikapiga picha ya jabali palepale, nikamtumia. Baada ya dakika chache akajibu kwa sauti iliyorekodiwa, tulivu kabisa, kwamba imeanikwa vizuri na Mungu atubariki.

Baada ya hapo alipiga kila siku. Hajawahi kupenda simu, husema zinakula sikio, lakini wiki ile alizipenda ghafla. Aliuliza kama mihogo inageuzwa. Aliuliza kama kuku hawaisumbui. Siku moja akataka kuzungumza na wifi, akamuuliza kama harufu ya mihogo inamsumbua, maana watu wa mbali mara nyingine huwa hawajazoea. Wifi alishika simu kwa mikono miwili, akajibu kwamba hapana, mama, sasa anaanza kuipenda. Mama akasema vizuri sana. Wifi aliponirudishia simu ilikuwa imelowa jasho.

Tulisaga mashineni tukaweka unga kwenye ungo mkubwa wa mama, ukafunikwa kwa kitambaa cheupe. Ijumaa jioni mama akafika na dumu la asali. Alisalimu, akazunguka nyuma ya jiko, akarudi, akafunua unga, akachukua kidogo akausugua kati ya vidole. Akasema ni mwepesi. Wifi na mimi hatukutazamana.

Jumamosi watu walijaa. Kulikuwa na maharage ya mawese, isombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa ikaungwa karanga, migebuka iliyokaushwa na dagaa wa kutosha kijiji. Jirani zetu walioingia miaka mingi iliyopita wakitokea Burundi, na ambao sasa ni watu wa hapa kama sisi, walileta pombe ya ndizi na vigelegele. Wauguzi wenzake wifi walikuja kutoka Kibondo, mmoja wa Pemba na mmoja wa Moshi, wakakaa pamoja wakiuliza kila kitu. Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo mdogo wake, baba mdogo, ndiye aliyesimamia. Alivaa koti zito katika jua lile, kwa sababu anaamini jambo rasmi haliendi bila jasho.

Shangazi alifika mapema kuliko wote. Akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa mama, akakaa ubavuni pake, akanyoosha miguu kama mtu aliyelipia kiti.

Wifi alisonga ugali uwanjani, kwenye moto wa mama uliohamishiwa hapo kwa siku hiyo. Wiki nzima nilimfundisha: usikimbilie kugeuza, acha unga unywe maji, halafu ukandamize kwa mwiko mpaka mkono uombe msamaha. Alikandamiza. Jasho likamtoka, watu wakamtia moyo kwa utani, mtu mmoja akauliza kama huko Njombe wana mikono au wana koleo. Ugali ukatoka laini, mweupe, umeviringana. Akauweka mbele ya mama akapiga magoti.

Mama akamega. Akabonyeza, akachovya, akameza. Watu wakanyoosha shingo.

"Huu ni ugali," mama akasema.

Vigelegele. Na hapo shangazi akaanza kula karamu yake mwenyewe, ambayo haikuwa ya ugali.

Alimuuliza mama, kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama ni ugali tu wa kawaida au kuna jambo amelifanya. Mama akajibu kwamba unga wenyewe ni mzuri. Shangazi akauliza mzuri namna gani, maana yeye ni mtu wa Nyakitonto na angependa kujifunza. Mama akasema hauna nyuzi. Shangazi akaitikia, akamwomba arudie, eti sikio la upande huu siku hizi halisikii vizuri. Mama akarudia kwa sauti: hauna nyuzi, umekaushwa kwa jua moja, na aliyeloweka alijua siku ya kutoa. Shangazi akafumba macho. Kila sifa aliipokea kama mtu anayepakwa mafuta mgongoni.

"Kwa hiyo huu hauwezi kusiliba ukuta," akasema.

"Huu? Ingekuwa dhambi," mama akajibu.

Mimi nilikuwa nagawa maharage, masikio yakiwa mkekani. Wifi alibaki amepiga magoti, macho chini. Furaha ya shangazi haikumgusa. Alikuwa anasubiri swali.

Baba mdogo akasimama, akafunga kifungo cha koti, akauliza kama inavyoulizwa siku zote. "Mama wa nyumba, unga huu umetoka shamba gani?"

Shangazi akafungua macho. Aliona utamu wote uliobaki umekuja kwenye kijiko kimoja: mama ataapa kwamba unga ni wa shamba lake mwenyewe, na yeye shangazi atakaa na siri hiyo mpaka kaburini, akiilamba kidogo kidogo.

Mama akanawa vidole, hakuwa na haraka. "Ni mihogo ya mama mkwe wangu," akasema. "Lakini shemeji, mimi katika nyumba hii ni mtu wa kuja. Binti yake si huyu hapa? Muulizeni yeye, atuambie kama ni yenyewe."

Watu wote wakamgeukia shangazi. Nilimwona akielewa. Alimtazama mama, na mama alimtazama kwa uso mtulivu kama maziwa kwenye kibuyu, na kati yao ikapita habari yote: choo, gunia, jabali, kila kitu. Mama alijua.

Basi fikiria alivyobanwa. Akisema unga ni wa shambani kwake, atashinda vita ya miaka yote kwa neno moja, lakini watu watauliza mihogo ya mama ilikwenda wapi, na moto wa bibi harusi utakuwa umezimwa kabla ya kuwashwa. Akisema ndiyo, ni yenyewe, atakuwa amemtolea mama ushahidi mbele ya ukoo mzima, Pemba na Moshi zikiwa zinasikiliza. Na mdomoni alikuwa na tonge kubwa la ugali wake mwenyewe, ambao nimekwisha kukueleza kwamba unashika.

Alimtazama wifi, ambaye alikuwa bado amepiga magoti juu ya mkeka. Akameza.

"Ni mihogo ya mama," shangazi akasema. "Ni yenyewe."

"Na uanikaji, wifi?" mama akauliza kwa upole mno. "Usinifichie. Kama kuna kasoro, sema mbele ya watu."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. Angewezaje kuuponda unga wake mwenyewe? Na angewezaje kuusifu bila kumsifu mama?

"Hauna kasoro," akasema kwa shida. "Aliyeuanika anajua kuanika."

"Asante," mama akasema. "Leo umenisema vizuri."

Baba mdogo hakuelewa chochote, na hilo halikumzuia kutangaza kwamba ukoo umeridhika. Mama akainuka, akaingia jikoni kwake, akatoka na kaa jekundu juu ya kigae cha chungu kilichovunjika. Akavuka uwanja watu wakimfuata, akainama katikati ya yale mafiga matatu yaliyokaa baridi miezi yote ile, akaliweka. Wifi akapuliza. Alipuliza akiwa analia sasa, machozi ambayo hakuyatoa siku ya pipa, na nyasi zikashika.

Jioni, watu walipopungua, wifi alimfuata mama akamwambia ana jambo la kukiri. Mama akamwambia akae kwanza, kisha akatoa simu, akatafuta ile picha niliyomtumia Kibondo, akatuonyesha. Katikati ya mihogo myeupe, kifua mbele, alisimama jogoo asiye na mkia.

"Huyu alihamia kwangu lini?" akauliza.

Nilikuwa nimeitazama picha ile mara kumi na kila mara niliona mihogo tu. Mama alituambia kwamba alicheka mpaka dada yake mgonjwa akasahau mguu. Kuhusu choo hakujua mpaka Ijumaa jioni, alipozunguka nyuma na kukuta pipa lake linanukia sabuni ya unga, na choo kinanukia mihogo. Simu zote zile za kila siku alizipiga kwa raha zake.

Wifi hakucheka. Alikiri yote, kuanzia glavu mpaka magoti ya Nyakitonto, kisha akauliza kitu kimoja tu: kama moto ule ni wake kweli, au amepewa kwa kuogopa aibu ya wageni.

Mama aliweka simu chini. "Wewe ulikwenda kwa wifi yangu ukapiga magoti ukasema ukweli, na ukatoka na gunia limejaa," akasema. "Mimi nimeishi naye miaka yote hii na hajawahi kunipa hata kiganja. Moto ni wako. Kesho nitakuja kula kwako, na sitafunua chungu."

Alikuja, na hakufunua. Aliuliza tu kama chumvi imetosha, na mkono aliuweka chini ya paja ili usijisahau.

Shangazi na mama wanaendelea. Shangazi husimulia kila mahali jinsi mama alivyousifu unga wa Nyakitonto hadharani. Mama husimulia jinsi shangazi alivyotoa ushahidi kwamba anajua kuanika. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana hawataacha. Wifi amepanda mstari wake nyuma ya jiko, mashina mengine ya Makere na mengine ya Nyakitonto, na hakuna anayeweza kuyatofautisha. Akija likizo hualika wauguzi wenzake na kuwapikia. Yule wa Pemba sasa anaomba unga wa kuchukua.

Watu huniuliza kama kitu hiki ni kigumu kwa mtu asiyezaliwa nacho. Si kigumu. Wifi amekiweza, na alianzia mbali kuliko wewe. Jaribu na mihogo michache tu. Imenye, ioshe, ikate vipande vya urefu wa kiganja, itumbukize kwenye maji yanayoifunika yote, uifunike, na uwaambie wote wanaolala nyumba hiyo ni nini. Siku ya tatu bonyeza kipande kikubwa kuliko vyote kwa kidole gumba. Kidole kikizama mpaka katikati, itoe, ing'oe nyuzi, uianike juani mpaka ivunjike kama chaki. Kidole kikigoma, funika tena usubiri hadi kesho.